Shavu la Pili

Juzi kijana mmoja wa saluni za huku Lizaboni, anaitwa Deo, alinijia nyumbani anahema, kitu kakifunga kwenye gazeti kama mtu aliyebeba mayai. Shikamoo babu, marahaba. "Babu, nimepata jiwe la kunolea wembe. La kutoka nje kabisa!" Nikafungua gazeti. Jiwe jeusi, jepesi, lina matundu matundu, na limetobolewa juu likatiwa kikamba cha kulitundika. Nikalinusa, nikaligeuza, nikashindwa hata kumtazama mtoto wa watu usoni. Nikamwita mke wangu. Mwanahawa akaja, akalichukua, akavua ndala, akajisugua kisigino mara kadhaa, akasema, "Zuri sana hili. Ahsante, mwanangu." Akaingia nalo ndani, na hajalirudisha mpaka leo.

Sasa ninyi mnaocheka, acheni kumcheka Deo. Nawajua. Nusu yenu mngelilowesha kwenye maji na kuanza kunoa.

Naandika haya kwa ajili yenu, vinyozi wa leo, kwa sababu naona kitu kilichokufa kinafufuka. Sisemi mrudi kunyoa mji mzima kwa wembe mmoja, hapana. Ule wa kupachika kipande cha wembe na kukitupa ndio wa mteja wa saluni, kila kichwa na chake, na mimi sina ugomvi na bwana afya. Lakini siku hizi mtu anajinunulia wembe wake wa kukunja, wa mpini, anajinyolea nyumbani kwake kama bwana wa zamani. Ukiisha makali anawaletea ninyi mumnolee. Na ninyi mnatazamana. Mmoja anafungua simu anatafuta video, mwingine anakimbilia dukani kununua jiwe la kisigino.

Kwa hiyo mnisikilize. Na nitawaambia pia jinsi jiwe lilivyotaka kuninyima mke, maana yule mama aliyeondoka na jiwe la Deo nilibakiza padogo sana nimkose. Nilikuwa nimemkosa kabisa, sema tu kulikuwa na shavu moja limebaki.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Ngonyani, Mngoni mrefu, mkimya, mwenye kibanda chake cha kunyolea pale Mfaranyaki. Mkimya, lakini mpaka umguse kwenye wembe. Kwenye wembe alikuwa haishi maneno. Mimi nilitoka Nakapanya, Tunduru, Myao mweusi tii, nikaja Songea kutafuta maisha, na baridi ya hapa ikanipokea kwa makofi. Mwezi wa sita asubuhi mikono inakataa hata kukunjuka, na Mzee Ngonyani anakwambia ushike wembe. Ebo!

Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa hili: "Bakari, wembe una mashavu mawili." Akaukunjua, akanionyesha. Shavu la huku na shavu la huku, yanateremka kutoka mgongoni, yanateremka, mpaka yakutane. Pale yanapokutana ndipo makali yalipo. Yasipokutana, umeshika kipande cha bati. Kazi ya kwanza ya mnoaji ni kuyakutanisha, na kuyakutanisha kunataka jiwe lake. Hapo ndipo karibu kila mtu anapopotea, na mimi nilipotea hapo mwaka mzima.

Nilipenda jiwe laini. Mzee alikuwa nalo moja la rangi ya maziwa yenye majani ya chai kidogo, laini kama sabuni iliyotumika. Ukiupitisha wembe juu yake unateleza wenyewe, na ukitoka unang'aa mpaka unajiona pua. Mimi nikajua ndiyo kunoa. Kila wembe nikipewa, moja kwa moja kwenye jiwe la maziwa. Nasugua, naimba, nasugua, wembe unametameta. Nampelekea mzee. Yeye anaukunjua, anaupitisha kwenye mkono wake wenye manyoya, na manyoya yanalala chini kwa adabu, halafu yanasimama tena. Hakuna hata moja lililokatika.

"Umenoa," anasema.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wale ambao lugha ya mtaani imewapita. Sisi vijana wa mjini wakati huo, na hata ninyi leo, mtu akibahatisha jibu akakosa, tunamwambia amenoa. Mpiga penalti akipiga juu ya goli, amenoa. Mzee Ngonyani, pamoja na uzee wake, alikuwa anakaa na vijana kutwa nzima na neno hili alilipenda kupita kiasi, kwa sababu ya kazi yetu. "Umenoa, Bakari," ananirudishia wembe, "lakini hujanoa." Halafu anacheka peke yake mpaka anakohoa. Utani huo ulirudiwa kila wiki, na kila wiki kwake ulikuwa mpya.

Kwa nini nilikuwa nanoa, kwa maana ile mbaya? Kwa sababu jiwe laini halikutanishi mashavu. Jiwe laini linapaka mafuta usoni mwa mtu ambaye hajaoga. Wembe uliochoka, makali yake yameviringika, ukitazama kwa karibu utaona pale mwisho pana kimstari cheupe kinachometa kwenye mwanga. Mwanga unapata mahali pa kukaa. Makali yaliyokutana hayaonekani. Unatazama unaona giza tu. Sasa kuondoa kile kimstari kunataka jiwe linalokula chuma. Ukienda na laini utang'arisha kimstari chenyewe, kiwe kimstari kizuri.

Upande wa pili kuna jiwe la seremala, lile la pande mbili linalouzwa madukani kila mahali. Linakula, tena linakula kama nzige. Wembe uliomegeka, ulioangukia sakafuni, unaanzia huko, sikatai. Lakini wembe mzima ukiupeleka pale unaota meno kama msumeno, na ngozi ya mteja itakwambia mwenyewe.

Jiwe la kukutanisha liko katikati. Nalo halipendezi, ndiyo shida yake. La Mzee Ngonyani lilikuwa la kijivu, baya, lina doa, alilitoa kwenye kijito kimoja huko Mbinga kwa wajomba zake. Alilisugua kwenye sakafu ya saruji yenye mchanga na maji mpaka likawa bapa, kazi ya miezi, mkewe akilalamika kwamba sakafu imechimbika. Ukilipitisha ukucha, ukucha unashikwa kidogo, kisha unaachiwa. Kama ukucha unakwanguliwa, hilo ni la seremala. Kama unateleza bila habari, hilo ni la mwisho, si la mwanzo. Ukilidondoshea maji, linayakunywa polepole, halina pupa. Ukiligonga kwa kifundo cha kidole linalia. Jiwe lenye ufa halilii, linajibu kama kikombe kilichopasuka, na ufa huo ndio utakaomega wembe wa mtu siku usiyoitaka. Na linuse. Likinuka mafuta ya mashine, liache hapo hapo. Lilishazoea mafuta, maji hayatalifaa tena.

Ukishalinunua usijidai umemaliza. Lipige mistari ya penseli juu yote, weka msasa juu ya kioo kinene, lisugue. Mistari ikifutika pembeni tu na kubaki katikati, jiwe lako limebonyea tumbo, na wembe utalifuata tumbo hilo. Vijana wananiletea mawe yamebonyea kama sahani ya supu halafu wananiuliza kwa nini wembe unakata ncha tu.

Haya, tumrudie Mwanahawa, maana naona mnasinzia.

Mwanahawa alikuwa anakaa kwa shangazi yake hapa Lizaboni, anashona nguo kwenye kibaraza. Kwao Nalasi, wilaya ile ile ya Tunduru, baba yake mkulima wa korosho. Nilimpenda kwa namna ambayo hata Mzee Ngonyani, mtu wa kuangalia vichwa vya watu tu, aliona. Mjomba wangu akapeleka posa. Majibu yakarudi kutoka kwa baba yake, Mzee Issa, na majibu yenyewe yalikuwa hivi: "Kinyozi? Hao si ndio wanaoshika vichwa vya watu na kusambaza habari za mji? Haya. Msimu wa korosho ukiisha nitakuja Songea. Aninyoe mimi mwenyewe. Nikiinuka kwenye kiti chake nitajua kama nampa mtoto au simpi."

Basi mnaelewa. Wengine wanapimwa kwa ng'ombe, kwa nyumba, kwa dini. Mimi niliambiwa nitapimwa kwa makali. Na kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Tunduru mwenye gari, kashapeleka salamu zake huko Nalasi, anasubiri tu mimi niteleze. Mwanahawa aliniambia waziwazi: "Bakari, yule mtu wa gari simtaki. Lakini baba akisema hapana ni hapana. Noa vizuri."

Nikanoa. Safari hii Mzee Ngonyani mwenyewe alinipa jiwe mkononi, lile la kijivu, akakaa pembeni ananitazama kuanzia mwanzo hadi ukanda wa ngozi wa kumalizia makali. Alipoupitisha wembe kwenye mkono wake, manyoya yakaruka. Neno lake la kila wiki halikutoka. Aliukunja akanirudishia, na mimi nikajua nimeshamaliza kazi, imebaki kuoa.

Siku aliyofika Mzee Issa, Mzee Ngonyani hakuwapo. Alikuwa amepata msiba Mbinga, kaondoka jana yake, kaniachia kibanda na neno moja: "Usiniharibie jina." Nikabaki peke yangu. Mzee Issa akaingia, mfupi, mpana, kofia ya kufuma kichwani, mashavu yamejaa ndevu za msimu mzima, ngumu kama brashi ya viatu. Ndevu za kidevuni, akasema, zisiguswe. Mashavu na shingo tu. Nikamwamkia kwa magoti yote mawili. Akaitikia marahaba kama mtu anayelipia ushuru, akakaa, akafumba macho.

Nikaweka taulo la moto. Nikapaka povu. Bismillahi. Wembe ukashuka kwenye shavu la kulia, na niwaambie ukweli, ulishuka kama haupo. Sauti ilikuwa ndogo, tamu, kama mtu anapembua mchele chumba cha pili. Nikamaliza shavu, nikafuta. Mzee Issa akafumbua macho. Akainua mkono mpana, akajipapasa juu, akajipapasa chini, akarudia kinyume. Uso haukuonyesha kitu. Kisha akanitazama akasema:

"Umenoa."

Loo! Mwaka mzima nimeambiwa neno hilo na Mzee Ngonyani, na mwaka mzima lilikuwa na maana moja tu. Nikamwona Mwanahawa anapanda gari la yule mtu wa Tunduru. Kichwani nikasema, hapana, kuna shavu moja bado. Nikirudi na makali bora kwenye shavu la pili, huenda akabadili mawazo. Nikasema, "Nakuja, mzee." Mnaijua ile nakuja yetu, mtu anasema nakuja huku anatoka mlangoni. Nikatoka na wembe nyuma ya kibanda, kwa jirani yetu seremala. Akili zilikuwa zimeniruka. Nilitaka jiwe linalofanya kazi haraka, na la haraka lilikuwa hapo hapo mezani kwake, la pande mbili, limelowa mafuta. Nikasugua kwa hasira zote. Upande huu, upande huu. Nilipoinua wembe juani makali yalikuwa yamechakaa, yana meno, yanametameta mwisho mpaka mwisho. Makali mazuri kuliko yote niliyowahi kunoa nilikuwa nimeyaua kwa mikono yangu mwenyewe, tena bila sababu, ingawa hilo la bila sababu nilikuwa bado silijui.

Nikakaa juu ya gogo la seremala. Sikuwa na uso wa kurudi. Niliposikia mlango wa kibanda unafunguliwa na kufungwa, sikuinuka.

Nikiwa bado hapo gogoni, Mwanahawa akatokea. Mtandio umemshuka mabegani, amekuja mbio kutoka Lizaboni, na nilijua kwa jinsi anavyotembea kwamba hakuja kunibembeleza.

"Bakari, umemfanya nini baba yangu?"

"Si amesema nimenoa."

"Ndiyo. Amesema umenoa."

"Basi. Yamekwisha."

"Yamekwisha nini? Amesema umenoa!"

"Nimesikia, Mwanahawa! Usinirudierudie. Nimenoa, nimekubali, mwambie aende salama."

Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi anayekula kitambaa. "Wewe mwanamume una nini? Baba anasema umenoa, tangu azaliwe hajawahi kunyolewa na mkono mwepesi hivyo. Alitaka kukuambia umalize upesi akanywe chai nawe. Wewe ukasema unakuja. Akasubiri mpaka povu likamkaukia shavuni!"

Nikainuka kwenye gogo. "Subiri. Kwenu Nalasi, mtu akinoa, amefanya nini?"

"Amechukua jiwe akanoa, wewe! Atafanya nini kingine?"

Lahaula. Nilimweleza. Nilimweleza habari za penalti, na za kubahatisha majibu, na utani wa Mzee Ngonyani wa kila wiki. Seremala alikuwa anasikiliza, akaacha randa, akaegemea ukuta anacheka bila sauti. Mwanahawa hakucheka. Alisema baba yake amekaa uani kwa shangazi, amejifunga kilemba usoni kuficha lile shavu lenye ndevu, watoto wa majirani wanachungulia. Shangazi alitaka kumwita kinyozi mwingine amalizie, mzee akakataa katakata: aliyeanza ndiye amalize, na asipomaliza basi kaonyesha ni mtu wa aina gani. Kesho asubuhi anapanda basi la Tunduru na shavu lake hilo hilo. "Na akiondoka hivyo," Mwanahawa akasema, "mimi ndiye nitaenda kuishi kwenye lile gari. Haya, chukua wembe twende."

Nikamwonyesha wembe.

Hata yeye, fundi cherehani, aliona. Alipitisha kidole karibu na makali, akakirudisha haraka, akaniuliza, "Huu ndio ulioninyolea baba?" Nikasema ndio, kabla sijausaidia.

Turudi kwenye mawe. Sanduku la Mzee Ngonyani lilikuwa ndani ya kibanda, na sikuwahi kuchagua humo mwenyewe nikapatia. Siku zote ama nilichagua nikanoa, ama alinipa mkononi. Tena mawe yake hayakuwa na namba za ukali kama ya kwenu ya dukani, na baada ya kutumika, ukiacha lile la maziwa, yote yamekauka yanafanana, vumbi tupu. Nikayapanga mezani. Mkono wangu, wallahi, ukaenda wenyewe kwenye lile la rangi ya maziwa.

"Kwa nini hilo?" Mwanahawa akauliza.

"Linang'arisha."

"Baba anataka kung'aa?"

Nikalirudisha. Nikachukua moja nikaligonga, likajibu kikombe kilichopasuka, nikaliweka chini. Jingine ukucha ukaruka juu yake kama barabara ya changarawe. Yakabaki mawili ya kijivu, ndugu kabisa. Nikayadondoshea maji yote. Moja likayafyonza kwa pupa, likakauka kabla sijafumba jicho. La pili likayaacha maji yakae, likayanywa polepole, na pembeni mwake, vumbi lilipotoka, nikaliona doa. Sijawahi kufurahi kuona doa namna ile.

Zile kalamu nene za wino, maka, mnazoziona kwenye video hatukuwa nazo. Nikawasha kibatari, nikapaka mashavu yote mawili ya wembe masizi, pale karibu na makali. Hii ishikeni: paka rangi, noa kidogo, tazama rangi imebaki wapi, maana pale ilipobaki jiwe halijafika. Nikaulaza wembe, mgongo na makali vyote vinagusa, nikasukuma makali mbele, nikavuta mshazari ili urefu wote upite. Nikatazama. Shavu moja masizi yameondoka safi. Shavu la pili yamebaki mstari mzima. Mkono wangu ulikuwa unainua mgongo wa wembe nikigeuza upande ule, kwa hofu tu. Mwanahawa akaliona kabla yangu. "Huku hujafika," akasema, kwa sauti ya mtu anayekagua mshono. Nikalegeza kiwiko, nikaanza tena. Maji juu ya jiwe yakawa meusi kwa chuma, na mlio ukabadilika, kwanza unakwaruza, halafu unanong'ona. Nikautega wembe juani. Mwisho hapakuwa na kimstari. Palikuwa na giza.

Hapo ndipo lile laini likaingia kazini, kwa zamu yake, kisha ukanda wa ngozi. Sasa nijaribu. Nikakunja shati, na mikono yangu yote miwili ilikuwa vipara. Kwa ile wiki ya maandalizi nilishajinyoa kila unyoya wa kupimia. Nikapandisha suruali, miguu vilevile. Seremala, aliyekuwa kashatufuata mpaka mlangoni, akarudi nyuma hatua akasema yeye ana watoto.

Mwanahawa akaingiza mkono chini ya mtandio, akachomoa unywele mmoja, akaushika kwa ncha mbele yangu. Nikausogeza wembe. Unywele ukaanguka nusu, bila kutikisika. Tulitazamana juu ya kile kipande kilichobaki vidoleni mwake, na sitawaambia nilihisi nini kwa sababu mtanicheka, lakini nilihisi.

Tukaenda Lizaboni karibu tunakimbia. Mzee Issa alikuwa uani juu ya mkeka, kilemba usoni, macho tu yanaonekana, na macho hayo yalikuwa ya kuua. Sikujitetea. Nikapiga magoti, nikaomba radhi, nikaomba maji ya moto. Akautazama wembe mkononi mwangu. Kisha akafungua kilemba. Astaghafirullah, nusu mtoto, nusu dubu. Shangazi aliingia jikoni kwa kasi na tukasikia anacheka kwenye khanga.

Nikanyoa shavu la pili. Uani kwa watu, majirani kwenye ua, Mwanahawa kasimama nyuma yangu. Nilipomaliza nikafuta, nikarudi nyuma. Mkono wake mpana ukapanda, ukashuka, ukarudi kinyume. Akapapasa na lile la kwanza, akalinganisha.

"Umenoa," akasema.

Nikamuuliza, "Mzee wangu, samahani. Nimenoa ya Nalasi, au nimenoa ya mjini?"

"Kwani ziko ngapi?"

Mwanahawa akamweleza baba yake kwa Kiyao, haraka haraka, na mimi nikayasikia yote, goli, penalti, Mzee Ngonyani, jiwe la seremala. Mzee Issa akasikiliza, uso mkavu. Halafu tumbo likaanza kutikisika, na kicheko kikatoka kikubwa mpaka kuku wakatawanyika. "Yaani mimi namsifu," akasema huku anafuta machozi, "naye anakimbia! Namsifu, anakimbia!" Alipopata pumzi akanipiga bega. "Mwanache, mwanangu, sikiliza. Umenoa. Na sasa umenyoa. Shangazi, acha kucheka huko, lete chai, watu tuzungumze."

Mzee Ngonyani aliporudi kutoka Mbinga nilimsimulia yote. Sikuwahi kumwona anacheka namna ile, na utani wake akauongezea miaka mingine. Lakini alipotulia aliuliza jambo moja tu: "Ulitumia lipi?" Nikamwonyesha lenye doa. Akaliviringisha kwenye kitambaa akaniwekea mkononi, ndiyo zawadi yake ya harusi. Ninalo hadi leo, jembamba sasa. Deo anaweza kuja kulipapasa kwa ukucha ajue tunaongea nini, ila aje mikono mitupu.

Mengine mtayaona wenyewe. Mtu akikuuzia jiwe kwa uzuri wa rangi, mwache nalo. Na mtu akikwambia umenoa, usitimue mbio, muulize anatoka wapi.

Mimi wembe siunoi tena wala siushiki. Mikono inatetemeka tangu nilipougua. Mara ya kwanza nilipojikata, Mwanahawa aliunyang'anya tu, na tangu siku hiyo ananinyoa yeye kila Ijumaa kabla ya swala. Kwenye jiwe ni mkali kuliko nilivyokuwa; anaukagua wembe shavu hili na shavu hili kama anakagua pindo. Kisha anaingiza mkono chini ya mtandio, anachomoa unywele, mweupe siku hizi, anaujaribu.

Ijumaa iliyopita alimaliza shavu la kulia. Nikajipapasa taratibu, juu, chini, na kinyume. Lilikuwa laini kama la mtoto, na nilijisikia mtu mwenye bahati kuliko wote hapa Songea nzima, ila sikuweza kujizuia.

"Umenoa," nikasema.

Wembe ukasimama chini ya kidevu changu, umetulia kabisa.

"Ya wapi?"

"Ya Nalasi, mama. Ya Nalasi."

Akaufuta wembe kwenye taulo, akanigeuza uso, akaanza shavu la pili.